Mashua Inapokwenda Mrama Nangani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Mashua Zenye Tanga, Matema, Ziwa Nyasa

Wengi wetu wa nyanda za juu tumelizoea neno mrama kwenye mambo: biashara imekwenda mrama, harusi imekwenda mrama. Wanamaji walikuwa nalo kabla yetu. Kwao chombo huenda mrama kinapolala ubavu wa kulia, kikainuka, kikalala ubavu wa kushoto, na hakiachi. Majibu haya ni ya mrama huo wa asili, hasa ule unaokukuta umeshatia nanga, tanga limekunjwa, chai ipo mezani, na ghafla chai haipo mezani.

Nina mashua ya mbao ya mita 8, yenye mlingoti mmoja na mkuku wa chuma. Siku za kazi nafundisha fizikia Tukuyu, na likizo nateremka Kyela hadi Matema. Maswali nimeulizwa ufukweni, kwenye simu, mengine na wanafunzi waliokuja kuogelea tu. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, amari ni kamba au mnyororo wa nanga, mkuku ni uti wa chini wa chombo. Mengine tutayakuta njiani.

Mwalimu, upepo umekufa kabisa na uso wa maji ni laini, lakini mashua bado inalala huku na huku usiku kucha. Inatikiswa na nini?

Na upepo wa jioni, ambao wewe hukuuona. Mashua iliyotia nanga ina mabwana wawili. Upepo ndio unaochagua omo litazame wapi, wimbi ndilo linalochagua mashua ilale vipi, na mabwana hawa hawashauriani.

Tuanze na wimbi. Mwera, ambayo ndiyo kusi ya ziwa letu na wenzetu wa Malawi wanaiita hivyohivyo, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema ipo kwenye kona ya kaskazini mashariki, mwisho wa njia. Kila wimbi lililokosa pa kugonga huko nyuma linakuja kugonga kwetu. Nguvu ya mawimbi yanayopishana kwa sekunde 5 husafiri karibu kilomita 14 kwa saa. Kwa hiyo upepo uliovuma saa 11 jioni kilomita 100 kusini, njia ya kwenda Manda, unakuletea mawimbi yake kama saa 6 usiku, wakati wenyewe umeshalala.

Sasa omo. Huku ziwani hakuna maji kujaa na kupwa kama Zanzibar, kwa hiyo mkondo wa kuigeuza mashua ni mdogo sana, isipokuwa umekaa mdomoni mwa mto Lufilyo. Kinachobaki ni upepo. Usiku hewa iliyopoa juu ya Milima ya Livingstone huteremka kuja majini. Ni kaupepo tu, hakazimi kiberiti, lakini kanatosha kuigeuza mashua itazame mlimani, yaani mashariki. Ukitazama mashariki, kusini ni mkono wako wa kulia. Basi wimbi la Mwera linakupiga ubavuni, upande ambao chombo ni chepesi kulazwa.

Asilimia kubwa ya malalamiko ninayoletewa ni pembe hiyo. Wimbi lenyewe mara nyingi halifiki hata nusu mita.

Mbona mashua ya jirani, tuko mita 40 tu, imetulia na yangu inacheza kama ngoma?

Kila chombo kina mdundo wake. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kila anaporudi, anapaa kwa kidole tu. Ukimsukuma ovyo hafiki mbali. Wimbi likija kwa mdundo uleule wa mashua yako, kila wimbi linaongeza pale lililotangulia lilipoishia. Ndiyo maana wimbi dogo linaweza kulaza mashua hadi vyombo vya kabatini vigongane, na la jirani likapita chini yake bila salamu.

Pima mdundo wako. Siku ya utulivu simama pembeni, shika waya wa mlingoti, suka mashua mpaka ianze kulala yenyewe, kisha acha kusukuma. Hesabu mara 10 za kwenda na kurudi, gawanya kwa 10. Yangu ni sekunde 3 na nusu. Mashua nyingi za mita 7 hadi 10 zenye mkuku mzito zitakupa kitu kati ya 3 na 5.

Halafu kaa ufukweni na saa, hesabu mawimbi 10 yanayopita kwenye boya. Hapa kwetu mara nyingi ni kati ya sekunde 3 na 6. Umeona tatizo? Mawimbi marefu ya Bahari ya Hindi, yale yanayopishana kwa sekunde 10 na zaidi, huinua mashua taratibu na kuishusha taratibu. Mawimbi ya ziwa yanaangukia kwenye mdundo wa mashua ndogo hasa. Jamaa mmoja aliyeleta mashua yake kwa lori kutoka Dar es Salaam alidhani ziwa ni mapumziko. Usiku wa kwanza alilala ufukweni.

Nikiongeza mawe kwenye ngama, chini kabisa ndani ya mashua, itatulia?

Usikimbilie huko. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ukiiweka chini kabisa, kwenye ngama, mashua inakuwa ngumu kupinduka, ni kweli, lakini inarudi wima kwa haraka zaidi. Mdundo unafupika na mtikiso unakuwa wa kukata shingo. Ukiwa na bahati mdundo mpya utakuwa mbali na wa mawimbi. Ukikosa, umeusogeza palepale.

Kinachorefusha mdundo ni uzito kukaa mbali na katikati. Madumu ya maji uliyoyapanga chini ya sakafu, yahamishie ubavuni, nusu huku nusu kule, yafungwe yasitembee. Hata mlingoti unasaidia kwa njia hii: ni mzito, uko juu, na kuusukasuka kunataka nguvu. Niliwahi kuulaza mlingoti wangu ili kubadilisha kapi la juu, nikidhani usiku utakuwa mtulivu maana hakuna kitu kirefu hewani. Mashua ilicheza haraka kama chekecheke. Ila usipandishe vitu vizito juu kwa makusudi ili kupunguza mrama. Unalipia kwa uthabiti wa chombo, na dhoruba ikija hutakuwa na muda wa kuvishusha.

Ni njia gani ya kwanza, isiyo na gharama?

Hama.

Najua si jibu ulilotaka, umeshakaa na nanga imeshika. Lakini mita 300 zinaweza kuwa tofauti ya usingizi na kukesha. Kitu cha kuelewa ni kwamba wimbi linapinda. Likianza kugusa chini, upande ulio kwenye maji mafupi unapunguza mwendo, ule ulio kwenye kina unaendelea, na mstari mzima wa wimbi unageukia ufukwe. Wimbi la sekunde 5 lina urefu wa karibu mita 39 toka mgongo hadi mgongo, na huanza kuhisi chini kwenye kina cha nusu ya hapo, karibu mita 20. Kwa hiyo kujificha nyuma ya rasi ndogo mara nyingi ni kujidanganya: wimbi linazunguka kona na kukufuata, limepungua lakini lipo.

Ufukwe wa Matema wenyewe ni mchanga mzuri unaoshika nanga vizuri, ila umefunguka kusini. Ukisogea mashariki kuelekea Ikombe, mlima unaingia majini kwa mteremko uleule ulionao juu. Hapo utapata kona zenye kivuli cha wimbi, lakini kina kinaongezeka haraka mno na chini ni mawe. Nanga ikiingia kati ya mawe mawili, ni mali ya ziwa. Ukilazimika kukaa hapo, funga kamba nyembamba kwenye kisigino cha nanga, ncha ya juu iwe na boya, uweze kuing'oa kwa nyuma. Upande wa magharibi, kuelekea midomo ya mito na bandari za Itungi na Kiwira, mchanga unahama kila masika na maji ni machafu. Kina ulichopima mwaka jana ni hadithi.

Na usikae karibu sana na mchanga. Wimbi la mita 1 huvunjika penye kina cha mita 1 na robo hivi, na kabla ya kuvunjika hunyanyuka na kuwa kali. Mimi siingii kwenye maji yaliyo chini ya mita 4.

Nimesikia kuna namna ya kuifunga nanga ili mashua igeukie wimbi. Inafanyikaje?

Hii ndiyo ningemfundisha mtu kama ningepewa saa moja tu naye. Inataka kamba moja na dakika kumi. Mimi naiita kamba ya ubavu.

Umetia nanga omoni kama kawaida, na imeshika. Chukua kamba nyingine, yenye urefu wa mashua yako mara moja na nusu hadi mbili. Ncha moja ifunge kwenye amari, mbele kidogo ya omo, kwa fundo linalobana na lisiloteleza: mizunguko mitatu inayokumbatiana kuelekea upande wa mvuto, kisha ufungie. Ncha nyingine ipeleke tezini ikipita nje ya kila kitu, nje ya nyaya za mlingoti, nje ya reli. Ifunge kwenye winchi au gogo la kufungia lililo imara, si kwenye nguzo ya reli. Sasa rudi omoni, ulegeze amari taratibu, mita 5, mita 8. Fundo linakwenda mbele na amari, kamba ya tezini inakaza, na mashua inaanza kugeuka. Inageuka kwa sababu mwanzo nanga ilikuwa inaivuta kwa pua tu, na sasa inaivuta kwa pua na kwa mkia.

Ubavu upi? Hapa ndipo watu wanapokosea, na ukikosea mashua inaupa wimbi mgongo. Kamba ipite ubavu ulio kinyume na wimbi. Matema usiku omo linatazama mlimani na wimbi linatoka kulia. Peleka kamba tezini kwa kushoto. Nanga iko mashariki, tezi linavutwa huko mashariki, omo linakwenda kulia, kusini, na kulikuta wimbi uso kwa uso. Chora kwenye mchanga kwa kijiti kabla hujaenda. Mimi bado nachora.

Baada ya hapo ni kurekebisha. Ukivuta kamba ya tezini, mashua inageuka zaidi, ukiilegeza inarudi. Huhitaji kulipata wimbi kwa usahihi wa kombe na mfuniko. Ukitoka kupigwa ubavuni moja kwa moja hadi kupigwa kwa mshazari, tayari sahani zinakaa kabatini.

Njia hii ina masharti mawili. Kwanza, inataka upepo kidogo wa kuzikaza kamba. Upepo ukifa kabisa kamba zinalegea, na mashua inatazama inakotaka. Pili, umeupa upepo ubavu wako, na ubavu ni mpana. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Usiku wa kaupepo ka mlimani si kitu, lakini upepo ukikaza ghafla nanga yako inabeba mzigo ambao haikupimiwa. Kwa hiyo ncha ya tezini ifungwe kwa namna ambayo unaweza kuifungua ikiwa imekaza, kwa mizunguko ya winchi na si kwa mafundo. Ukiiachia, mashua inageuka yenyewe na kuutazama upepo, kama vile hukufanya kitu.

Penye kona kali ya mbao, valisha kamba kipande cha mpira wa bomba. Kamba inayosuguliwa usiku mzima haimalizi msimu.

Kwa nini nisitie nanga mbili tu, moja omoni moja tezini?

Unaweza, na usiku usio na upepo hata chembe ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, maana mashua haina tena hiari. Tia nanga ya omo upande wa kusini, kwenye kina. Rudi nyuma kuelekea ufukwe ukitoa amari nyingi kuliko unayohitaji, dondosha nanga ya tezi, kisha jivute mbele mpaka kamba zote mbili zikae sawa. Au mpe kijana mwenye mtumbwi aipeleke nanga ya pili; ni rahisi zaidi na anakucheka kidogo tu. Wengine hufunga kamba ya tezi kwenye mti ufukweni. Ukifanya hivyo ning'iniza kitambaa cheupe katikati, maana watoto wanakimbia pale gizani.

Ubaya wake ni uleule wa kamba ya ubavu, umezidishwa. Agosti moja nilikuwa nimefunga hivyo, omo kusini, nimelala vizuri. Saa 8 usiku upepo wa mlimani ukashuka kwa kishindo. Milima ile inapanda zaidi ya mita 1,500 juu ya maji na haina kizuizi njiani. Ukanikuta ubavu wazi. Nanga zote mbili zikaanza kuvutwa pembeni, nami nilikuwa nimefunga kamba ya tezi kwa mafundo matatu yaliyolowa na kukaza kama chuma. Niliikata kwa kisu cha kumenyea viazi. Nanga niliipata asubuhi, kijana aliipigia mbizi kwa malipo ya soda mbili na sambusa. Tangu siku hiyo kamba ya tezi ina boya kwenye ncha, inakaa kwa mizunguko tu. Mambo yakiharibika naitupa majini nzima, na kuifuata kukicha.

Na usizikaze. Kamba mbili zilizokazwa zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na kila wimbi linakuwa nyundo.

Ule ubao unaoning'iniza pembeni ya mashua ni wa nini? Watu wanasema unavua.

Sivui. Ule ni wa kuzuia mrama, na kati ya vitu vyote nilivyotengeneza kwa mikono yangu ndio ninaojivunia kuliko.

Ni plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, imepakwa rangi nzito kingoni isinyonye maji. Pembe moja nimefunga vipande vya nondo, jumla kilo 6. Kamba nne zinatoka kwenye pembe nne na kukutana juu kwenye pete, na pete inaning'inia kwenye ncha ya mti wa tanga, ambao nimeutoa nje kabisa, pembe mraba na mashua. Ubao unakaa mita 2 na nusu chini ya maji.

Mashua ikilala upande wa ubao, kamba zinalegea, pembe yenye nondo inatangulia na ubao unazama kwa ukingo wake, kama kisu. Mashua ikitaka kurudi, kamba zinakaza, ubao unalala bapa na kugoma kupanda. Ubao hauizuii mashua kulala mara moja. Unaila nguvu kila inaporudi, na bembea isiyopata nguvu haipandi.

Umbali una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ubao ukiwa mbali mara mbili zaidi kutoka katikati ya mashua, kasi yake majini ni mara mbili. Maji hupinga kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mara nne. Na wenzo wenyewe umerefuka mara mbili. Zidisha: mara nane. Ubao mkubwa uliofungwa kwenye reli unashindwa na ubao wa wastani ulio kwenye ncha ya mti mrefu. Wanafunzi wangu wanalijua swali hili, limeshatokea kwenye mtihani wangu mara mbili.

Mti lazima ushikwe. Kamba moja itoke juu ya mlingoti hadi kwenye ncha, ibebe mzigo; nyingine ivute mbele, nyingine nyuma, mti usitembee. Ubao kama wangu ukivutwa kwa mita 1 kwa sekunde unavuta karibu kilo 20; kwa mita 2 kwa sekunde unavuta karibu 90. Mti wa tanga uliooza ndani utakuambia siku hiyo. Ukiweza weka mbao mbili, kulia na kushoto, zifanye kazi kwa zamu. Na kabla ya kung'oa nanga asubuhi, toa ubao. Nimewahi kusahau, niliilaumu injini nusu saa nzima.

Ndoo haiwezi kufanya kazi hiyo?

Kidogo. Mdomo wa ndoo ya lita 20 ni kama mita ya mraba 0.07, yaani sehemu ya tano ya ubao wangu, na mkono wake utang'oka kabla ya alfajiri. Kwa usiku mmoja wa dharura, sawa.

Na tanga dogo la nyuma?

Tanga dogo lililokazwa tezini linazuia mashua kutangatanga kushoto na kulia kwenye nanga, na upepo ukiwepo linatuliza kulala kidogo. Lakini linafanya omo liutazame upepo kwa ukaidi zaidi, na kwetu upepo ndio unaotuweka ubavu kwa wimbi. Mchana wa Mwera, upepo na wimbi vikitoka pamoja kusini, liweke. Usiku litoe.

Amari iwe ndefu kiasi gani? Kamba ya plastiki inafaa?

Jumlisha kina na kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa 7 kama ni kamba, kwa 4 au 5 kama ni mnyororo mtupu. Kina cha mita 5 na omo la mita 1 ni mita 42 za kamba. Nailoni ndiyo nzuri, inanyumbuka na kumeza mishtuko. Kamba ya plastiki ya rangi ya bluu inayouzwa kila duka Kyela mjini inaelea. Itaingia kwenye rafadha, panga la injini, ya mtu. Mita chache za mnyororo kati ya kamba na nanga zinasaidia nanga kulala na kuchimba.

Mwanangu, nimevua ziwa hili tangu ujana na sijawahi kuning'iniza mbao. Haya yote ni ya kazi gani?

Shikamoo baba. Ni kweli, na wewe ndiye uliyenifundisha kuweka omo ziwani na kamba ya tezi nchi kavu, kabla sijajua kwamba ni elimu. Tofauti ni kwamba mtumbwi unaupandisha mchangani jioni na kwenda kulala kwako. Mimi mashua ina mkuku, haipandi mchangani, na familia yangu imo ndani. Mtumbwi wetu pia hauna mirengu kama ngalawa za pwani. Ngalawa ina mbao zake za kuzuia mrama pande zote mbili tangu inapochongwa, hata nangani hailali. Ningekuwa na mirengu, baba, nisingekuwa na majibu yote haya.

Nitalala wapi na nitafanyaje na kichefuchefu?

Lala chini, karibu na mlingoti, karibu na sakafu. Kadiri unavyopanda juu au kwenda omoni ndivyo safari ya tumbo inavyorefuka. Lala kwa urefu wa mashua, na mto au furushi la nguo kila ubavu, usibiringike. Ukilala kwa upana, kichwa na miguu vitapokezana kuwa juu usiku kucha. Kabla ya hapo nyamazisha mashua: kamba za mlingoti zifunge mbali na mlingoti, chupa zitenganishwe na vitambaa. Nusu ya kukosa usingizi ni kelele.

Kichefuchefu kikianza, panda juu utazame kilele cha mlima, kitu ambacho hakisogei. Chai ya tangawizi inawasaidia baadhi. Kula wali kidogo ni bora kuliko tumbo tupu. Mtoto au mzee anayetapika bila kupumzika mpeleke nchi kavu, na kama hakiachi, hospitali. Maji mwilini hupotea haraka kwenye joto la Kyela.

Taa ni lazima?

Ndiyo, taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, juu, usiku kucha. Wavuvi wa usipa wanatoka na taa zao na wanarudi wamechoka. Mashua iliyogeuzwa kwa kamba ya ubavu haikai kama wanavyotarajia, na mti wenye ubao umechomoza gizani. Funga kitambaa cheupe au kitaa kidogo kwenye ncha yake. Tena uliza jioni nyavu ziko wapi, kabla ya kutupa nanga ya pili. Na sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo mkali Ziwa Nyasa, kamba za ubavuni zote zitoke, omo liachwe huru.

Nimenunua vyungu vya Wakisi kwenye soko la Jumamosi Lyulilo na mashua yangu inalala sana. Nitavifikishaje salama?

Wenyewe wanavileta kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kwa hiyo inawezekana. Vipange chini kabisa, katikati ya mashua, kubwa kwanza, mdomo chini. Katikati jaza pumba za mpunga. Mashine yoyote ya Kyela itakupa gunia. Kimoja kisiguse kingine wala ubavu wa mashua. Usiviingize kimoja ndani ya kingine bila pumba, hata kama vinaingia vizuri. Vyangu vitatu viliingia vizuri.